Jina Chini ya Ukurasa

Millau, mwezi wa pili. Theluji imekaa juu ya Larzac
kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.
Huku chini, karakanani: mashine sita, washonaji wanne,
na tovuti moja mgonjwa.

Aliianza Titouan, mpwa wangu,
Jumapili kwa Jumapili, akila biskuti juu ya kibodi.
Kisha Toulouse ikamchukua, na chuo, na msichana mwenye pikipiki,
naye akaondoka na nenosiri kichwani.
Mpaka leo ukitufungua utaambiwa
tumefunga kwa ajili ya Krismasi.
Krismasi ipi, haisemi.

Mezani pana karatasi mbili.
Ya Lyon ni ya kampuni, nembo imechapwa kwa rangi ya fedha,
euro elfu tisa, na maneno "safari ya mteja"
mara kumi na nne. Nilihesabu.
Ya pili ni ya Ilinca, wa Iași, Romania,
yuko peke yake, elfu mbili na mia sita,
na swali ambalo Lyon hawakuuliza:
glavu ikichanika baada ya mwaka, mnaishona tena?

Kaka yangu Bastien anagonga kikokotoo.
Rahisi ghali, asema, na ghali ni ghali zaidi;
tujifunze wenyewe, usiku, video zipo.
Namtazama: macho mekundu, plasta kwenye dole gumba,
glavu za harusi jozi mia na arobaini hazijakatwa.
Ajifunze nani? Usiku upi?
Mshika mbili moja humponyoka,
na sisi tumeshika saba.

"Nyumba njema si mlango," nasema, kujitetea tu.
Mama hainui kichwa. Josiane, miaka sabini na mmoja,
anavuta ngozi ya mwanakondoo kwenye ukingo wa meza,
anaivuta mpaka iseme mwisho wake,
kisha anailegeza kidogo. Kidogo hicho ndicho kazi.
"Si mlango," anajibu. "Lakini wako una kufuli."

Bastien hajachoka:
Mtu wa mbali ataujuaje mkono wetu?
Hajawahi kuinusa ngozi hii.
Atawashonea watu asiowaona,
na jina lake halitakuwapo popote.

Mashine ya tatu ikanyamaza.
Hata yeye alijisikia.

Miaka thelathini na minane tumezishonea nyumba kubwa za Paris.
Glavu zilitoka hapa uchi, zikavikwa lebo ya hariri kule,
zikapigwa picha kwenye vidole vya watu
ambao Millau kwao ni kituo cha mafuta
njiani kuelekea baharini.
Siku moja Baba alinunua jarida, akaweka lenzi,
akautambua mshono wake mzizini mwa dole gumba.
"Huyu ni mimi," akasema,
kidole juu ya jina la mwingine.
Jioni aliwashia jiko jarida hilo.

Usiku nikaandika mkataba, kwa kalamu kwanza.
Funguo zibaki kwetu, nenosiri daftarini,
si kichwani mwa mtu.
Maneno ya ngozi tutayaandika wenyewe,
hata yakipinda.
Malipo mafungu matatu, la kwanza kabla hajagusa kitu:
mkono mtupu haulambwi.
Na chini ya kila ukurasa, kwa herufi zinazosomeka bila miwani:
Umeshonwa na Ilinca Ciubotaru, Iași.

Bastien alisoma mara mbili, akafuta koma moja.
Hiyo ndiyo idhini yake.
Mama akaongeza mstari kwa penseli:
Auchore mkono wake kwenye karatasi, atutumie.

Kabla ya saa sita mchana jibu likaingia.
Wa kulia au wa kushoto?

"Yote miwili," akasema Mama, akitafuta mkasi.
"Hakuna aliyezaliwa na mikono pacha."