Ombi, Nakala ya Tatu

Karani wa Bunge amelirudisha tena.
Safari hii si muhuri, ni lugha:
"Ondoeni hili neno, wametuchinja.
Andikeni kwa staha."
Nyandeng akaazima kalamu palepale getini,
karatasi akazilaza mgongoni mwa mwanawe
aliyeinama kama meza,
akaandika: tumepungua.

Kurasa kumi na nne za vidole gumba.
Wino wa zambarau tuliununua River Road,
tukapita nao Kayole, Ruiru, Zimmerman,
mlango kwa mlango, chai kwa chai.
Kuol alikataa kutoa kidole cha kulia:
"Hicho nilishaupa mkataba wa kwanza."
Akachovya cha kushoto.

Tunaomba waheshimiwa watusemee neno moja
kule mataifa yanakokutana:
waje askari wasio na ng'ombe wala binamu pande zile,
wasimame kati ya kisima na bunduki
mpaka kura ipigwe.
Basi.
Hatukuomba kupendwa.

Karani si mtu mbaya. Alituonyesha kivuli,
akatuuliza kama tumekula.
Kisha akashusha kidole kwenye safu ya mwisho:
"Na hapa, anwani. Wote mmeacha wazi."

Tukatazamana.
Kwenye ramani iliyo nyuma ya kiti chake
kwetu kumezungushiwa nukta nukta,
kama pale fundi anapopitisha mkasi.

Mtoto akanyoosha mgongo, akapangusa magoti.
"Mama, niandike Kayole,
au nichore zile nukta?"