Lenzi za Namba Tatu

Nahodha katupa saa mbili na nusu Lutoboka:
honi ya pili ikilia, asiyepanda atalala na viboko.
Wenzangu wakashika njia ya baa,
wakaagiza ngege mzima, bia za baridi.
Mimi nikashuka na kavera mkononi,
ndani mrija wa kupumulia na miwani ya kuzamia
niliyoifukua Owino chini ya rundo la mabuti,
nikaibandika lenzi mwenyewe, namba tatu, upande wa kutoa,
mimi fundi miwani wa Jinja
ambaye bila kioo siwajui hata wadeni wangu.

Kutafuta pa kuzamia katika ziwa hili
ni kutafuta dirisha kwenye chungu cha uji.
Gatini, mafuta ya injini yametandaza rangi zake.
Penye mafunjo pametulia, panakuita,
na konokono wapo; konokono ana kichocho,
na kichocho hakibishi hodi.
Mbele ya hoteli mchanga umetibuliwa na miguu ya harusi.
Nikaufuata ufuko kama anayedai,
kila hatua ishirini nachovya mkono, nahesabu vidole:
viwili,
kimoja,
hakuna.

Mama mmoja alikuwa akianika mukene.
Nabukalu, alijitaja, akinitazama kwa kukunja macho,
kukunja ninakokujua tangu mlangoni mwa duka.
"Unatafuta nini huko chini?"
"Samaki."
"Samaki hawa hapa. Elfu mbili kopo."
Tulicheka. Akapangusa magamba kwenye paja:
"Nyuma ya mwamba ule, upepo unakopiga. Hakuna tope.
Ndiko ninakosuuzia nguo nyeupe."

Nikaapa: safari nyingine simuulizi baharia,
namuuliza anayefua.

Nikalaza uso.
Jua lilikuwa limesuka nyavu juu ya mawe,
na humo furu, wadogo kama funguo za kufuli,
buluu, ubavu mwekundu,
mmoja akaachama, na wanawe wakamtoka kinywani
kama darasa baada ya kengele.
Dakika sita. Tuseme saba.
Nilipoinuka alikuwa kando yangu, gomesi kaifunga kiunoni.
"Na mimi."

Nikamvalisha, nikakaza mpira juu ya kilemba.
Akainama. Mgongo ukatulia.
Mrija ukakoroma, ukatema, ukakoroma,
kisha neno likatoka ndani yake kama ndani ya mtungi:
"Nkejje! Walisema mputa kawamaliza! Nkejje!"
Nikakaa juu ya mwamba kungoja zamu yangu,
makalio yakiungua.
Honi ya kwanza.

Akasimama, maji yakimtiririka, miwani hajavua,
akageukia ghuba, akanyamaza.
Kwangu ilikuwa ukungu na weupe.
Yeye aliona mtumbwi, aliona aliyemo,
na sauti yake ikapita juu ya maji bila kulowa:
"Kibuule! Wee Kibuule! Jaketi umelikalia!
Livae!"
Huko mbali kitu cha rangi ya chungwa kikainuka,
kikaingia mkono mmoja, kikaingia wa pili.
"Mwaka wa tatu," akaniambia, "kila asubuhi namuusia,
kila jioni ananiapia."

Honi ya pili.
Nikaipapasa miwani yangu ya kawaida mfukoni mwa shati,
shati mkononi, viatu sijui,
nikakimbia.

Sitahani wakaniuliza kama nilipata mahali.
Nilipata.
Na vifaa?
Nikawaonyesha kwa kidevu:
mwambani, mikono kiunoni,
mwanamke mwenye jicho moja pana la kioo,
mrija umesimama sikioni kama shingo ya mnandi,
akihesabu mitumbwi, mmoja mmoja,
na kuwaita wenyewe kwa majina.