Msoma Njia

Namba kumi na saba tuliipaka wenyewe
kwa rangi iliyobaki kwenye milango ya kanisa.
Saba ikapinda. Bosko akasema iacheni, itatutambulisha.
Korola ya marehemu mjomba wake Likapa,
buti limejaa korosho, madumu ya maji na waya.

Masasi tuliagwa kwa filimbi.
Mangaka ekzosi ikaanguka, tukaifunga.
Zamda yuko kwenye usukani, miguu peku:
viatu, anasema, vinamziba asiisikie injini.
Na mimi kando yake, koo limekauka:
kona kali kushoto, mchanga, mita mia mbili, tuta!

Mtambaswala, afisa akaifungua pasi yangu,
akaipekua kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.
"Hii ilikufa Jumanne."
Jumanne tulikuwa tunapaka namba.

Saa ya waamuzi haikusimama.
Nikawaambia, nendeni.
Nikasema mara mbili,
maana ya kwanza haikutoka moyoni.

Korola ikapanda Daraja la Umoja,
ikapungua, ikawa saba iliyopinda,
ikawa vumbi la Msumbiji.
Chini, Ruvuma hauna haraka na mtu.

Ndipo nikagundua daftari ninalo mimi.
Kila kona hadi Mueda,
kwa mwandiko ambao hata Zamda hawezi kuusoma.

Nikakaa ukingoni mwa lami, nikaanza:
kulia taratibu, mawe, korongo, shikilia, shikilia...

Jioni afisa akamaliza zamu,
akavuta kiti chake cha plastiki karibu.
"Enhe," akasema, "sasa wamefika wapi?"