Nafsi ya Tatu

Jumapili mama anapiga simu kutoka Newala,
vocha ya mia tano, haina muda wa kuzunguka.
"Somoe, umri huo wote, hujapata mwenzio?"
Nimesimama uani, Yombo Vituka,
beseni la dagaa kiunoni.
Nimepata, mama.

Kimya. Kisha, kama mtu anayepima mchele kwa kiganja:
"Anakupenda?"
Ananipenda.
"Ana kazi?"
Anashona mabegi ya shule, sokoni Tandika,
anarudi na vidole vilivyodonolewa na sindano.
"Anakunywa?"
Bia moja, mwisho wa mwezi,
tena nusu anaiacha ipoe.
"Anaswali?"
Anasali, mama. Kwa Wamoravian.
Mama akaguna, akasogea mbele.

A-, a-, a-.
Herufi moja mlangoni mwa kitenzi,
haina ndevu, haina hereni.
Mwalimu wa darasa la tano alituimbisha:
nafsi ya tatu, umoja!
Tukaitikia hadi madirisha yakatetemeka,
wala hatukujua
kuna mtu siku moja atajibanza humo, mvua ikinyesha.

Nimekaa ndani ya herufi hiyo miaka saba.
Mama sijamwambia uongo hata mmoja.

Ila wenye nyumba hawajali sarufi.
Tandika tulilipa kodi ya miezi sita, tukakaa mitatu;
mama mwenye nyumba alianza kuhesabu vitanda.
Buza alikuja mjumbe na daftari lake.
"Nyie mnahusianaje?"
Ndugu.
Akaandika Ndugu. Akatutazama,
mmoja mweusi tii wa Newala,
mmoja maji ya kunde wa Kyela,
akalipigia neno mstari chini,
taratibu, kwa rula.
Mstari ule ulituhamisha kabla ya Ijumaa.

Guta moja hutosha:
godoro, mtungi wa gesi, cherehani,
ndoo tatu zilizoingiana.
Kitanda tunakifungua usiku,
misumari tunaitia kwenye soksi.
Wanasema Dar inapokea kila mtu.
Inapokea, ndiyo,
kama beseni lililotoboka linavyopokea maji.

"Jina lake nani?"

Hapo dagaa wakaanza kunielemea.
Majina ndiyo yanayochongea watu.
Tusajigwe, nikasema.
Kyela wanampa mtoto yeyote jina hilo,
awe wa kuchunga ng'ombe au wa kusuka ukili;
Newala hawajawahi kulisikia.
Mama akalitafuna. Tusa. Tusaji.
"Maana yake?"
Tumebarikiwa.

Nikasubiri swali lililobaki.
Nilisikia kuku wa kwetu, yule mwenye kiguu,
nilisikia mtu anatwanga nyumba ya pili,
nilisikia mama anavuta pumzi kulileta.
Vocha ikaisha.
Au aliikata. Sijamuuliza.

Wiki mbili baadaye, Mbagala Rangi Tatu,
utingo wa basi la kusini alinikabidhi kiroba.
Korosho zilizobanguliwa kwa moto, zenye masizi.
Ming'oko, udongo wa kwetu ungali umeishika.
Na chini kabisa kanga, doti moja,
haijakatwa, yenye karatasi iliyobanwa na pini,
mwandiko wa mama ule wa kupanda mlima:
TUSAJIGWE.

Mama yangu hajawahi kumpa mwanamume kanga.

Sikulia palepale. Nililia kituoni Zakhem,
muuza maji akanipa chupa, akakataa hela.

Jumamosi tunahama tena, Kijichi safari hii,
chumba chenye dirisha moja na jirani kiziwi.
Kitanda tumeshakifungua, misumari imo kwenye soksi.
Tusa anataka kuikata kanga,
kipande chake, kipande changu.
Mkasi umo kwenye boksi, hatukumbuki lipi.
Umeme umekatika, mbu wameamka.
Tumejifunika ikiwa nzima.