Maji ni Meusi

Kunywa, akaambiwa. Kunywa tena, na usikojoe.
Chupa mbili, tumezinunua duka la magodoro hapo chini,
na Mwanakombo, miaka sita, amebana mapaja
kwenye benchi la ghorofani, Majengo,
ananiuliza kama maji yana mwisho.

Saa nne na robo umeme ukakatika.
Feni ikapunguza mwendo kama mtu anayesahau neno.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikagoma, ikakohoa.
"Baba, yanatoka."
Hayatoki.
"Yanatoka kidogo."

Kisha taa, na Bi Raya akaipasha jeli kiganjani mwake
kabla ya kumpaka mtoto,
jambo ambalo hakuna anayemlipa kulifanya.

Mashine hii haipigi picha, alisema. Inaita.
Inatuma sauti tusiyoisikia mimi na wewe,
halafu inangoja kuitikiwa.
Ini huitika. Nyama huitika. Mfupa hufoka.
Maji hayaitikii kitu,
ndiyo maana humu kiooni maji ni meusi.

Na pale, kwenye figo la kushoto, duara.
Jeusi, dogo kama tundu la kifungo,
ukuta mwembamba, ndani hamna pazia wala chembe,
na nyuma yake pameng'aa.
Kimya kina mshindo: nimelisema neno hilo tangu utoto,
sikujua lina picha.

Misalaba miwili, mstari wa nukta, milimita tisa.
"Ni kidogo. Tutakitazama tena baada ya miezi sita."
Nikaanza kumshukuru Mungu.
Hakuwa amemaliza. Alikifuta kile kidude kwa karatasi,
polepole, akauliza bila kuniangalia:
"Kwenu kuna mwenye maradhi ya figo?"

Mama alivimba miguu, kisha uso, kule Kisauni.
Tulisema jicho la mtu. Tulisema chumvi.
Tulimtaja jirani kwa jina, na jirani akahama.
Nami kichwa kinanigonga tangu Mfungo Sita,
nasingizia jua la yadi ya makontena.

"Hakuna," nikasema.

Akaningoja, kama anavyoingoja sauti irudi.

Mwanakombo alishakwenda chooni akarudi mwepesi,
gauni limenasa kwenye chupi kwa nyuma,
akapanda stuli, akatangaza:
"Haya, zamu ya Baba."

Sijui nani alicheka kwanza.
Nilifungua vifungo vya shati, kimoja kimoja.
Jeli ilikuwa vuguvugu.
Niliutazama ukuta, penye kalenda ya mwaka jana,
na binti yangu akatazama kioo,
akayahesabu kwa kidole na kwa sauti ya chuoni:
moja, mbili, tatu,
nne, hili kubwa, tano,
akahamia upande wa pili, akaendelea.
Kumi na saba hapo, Bi Raya alikuwa ameacha kupima.

"Baba," akanong'ona Mwanakombo,
"wewe umekunywa chupa ngapi?"