Milimita Kumi na Moja

Majani ya mlonge, gramu ishirini,
yamechumwa Ipuli kabla jua halijakaza,
yakaoshwa mara tatu, yakachemka
hadi maji yakawa na rangi ya chai ya msibani.

Nsungwa anachuja. Anadondosha chumvi ya zinki,
tone,
tone,
na mkono uliokulia kwenye mabani ya tumbaku Urambo
hautetemeki.

Saa nzima hakuna kitu.
Kisha ukungu. Kisha weupe
unatuama chini kama uji alioukataa mgonjwa.

Tanuri. Kinu.
Unga usiojaza hata kijiko,
punje zake ndogo mno,
darubini ya chuo inaapa haizioni.

Vijidudu amevitoa kwenye kidonda cha Mihayo,
mrina asali, mguu wa kushoto,
kidonda kilichokula dawa tatu
kikaomba ya nne.
Amevipanda sahanini, unga katikati,
akafunga kabati la joto, akaenda kulala asilale.

Usiku umeme ukakatika.

Asubuhi anafungua, neno "basi" liko tayari mdomoni.
Utando umetanda, wa njano, umenawiri,
ila pale katikati
duara tupu,
safi kama ua uliofagiliwa alfajiri.

Rula ni ya mwanawe, imeng'atwa pembeni.
Kumi na moja.
Anaandika daftarini. Chini yake: Rudia.

Mihayo anapiga simu. Nije nipakwe?
Bado, kaka.
Hii ni sahani.
Wewe una mguu.