Mrudisha Mpira

Juu ya ng'ombe arobaini, kwenye dari ya zizi,
baba alipigilia ringi mwaka niliozaliwa.
Ubao ni mlango wa friji iliyokufa,
wavu ni kamba za kufungia majani makavu,
na mstari wa mtupo huru ni rangi ya trekta,
nyekundu, imechubuka pale dada anaposimama.

Kazi yangu ni moja: kurudisha mpira.
Solveig hutupa, mimi huokota.
Nahesabu kwa sauti ili asidanganye,
ingawa sijawahi kumwona akidanganya.
Siku moja tulifika mia moja tisini na tisa.
Akakosa. Akaniangalia.
"Anza moja."

Nje, baridi ya Minnesota inang'ata masikio.
Chini yetu ng'ombe wanacheua, mvuke wao unapanda
kupitia nyufa za mbao, unatupasha miguu.
Tukinuka shuleni, tunanuka pamoja.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hawakumjua dada yangu.
Chake kiko futi kumi juu ya vumbi,
naye ana futi tano na inchi sita,
goti la kushoto lenye mshono,
na viatu alivyovinunua kwa alfajiri sitini
za kumkamulia jirani.

Ana kijitabu cha chuo, kimelegea kwenye mikunjo:
chumba cha vitanda viwili, dirisha moja, mti.
Bei aliisoma mama, jikoni, akaiandika
chini ya bei ya maziwa, chini ya bei ya lishe,
akapiga mstari.
Hakusema neno. Penseli ilisema.
"Nisipopata ufadhili," Solveig aliniambia, "nitasomea ng'ombe."
Akacheka.
Mimi sikucheka.

Kisha kocha wa chuo akaandika: atakuja Ijumaa.
Mistari miwili. Niliihesabu pia.
Maneno kumi na moja.

Ijumaa theluji ikamtangulia.
Baba, ambaye msimu wa baridi huendesha greda la jimbo,
alitoka saa nane mchana, kahawa nusu kikombe.
Ukumbini, mstari wa tatu,
kiti kimoja kilibandikwa karatasi: KIMEHIFADHIWA.
Bi Hjelmstad wa maktaba alikilinda kwa mkoba wake.

Robo ya kwanza Solveig alitupa jicho pale mara nne.
Robo ya pili, mara mbili.
Robo ya tatu alisahau.
Hapo ndipo nilipomwona vile ninavyomwona darini:
mpira ukimrudia mkononi kama ulioitwa jina,
bega likidanganya kushoto, mwili ukienda kulia,
beki wa wageni akibaki kumkaba mtu
aliyekwishaondoka.
Pointi thelathini na moja.
Kiti, sifuri.

Baba aliingia taa zikizimwa,
barafu kwenye ndevu, buti zikichuruzika sakafuni
mahali ambapo hata mwalimu mkuu huvua viatu.
Kumbe alikuwa ameikwangua barabara ya kusini
hadi njia panda, akarudi, akaikwangua tena,
na tena,
kwa ajili ya gari moja lisilotokea.
"Ilikuwa wazi," alimwambia Solveig. "Saa zote. Ilikuwa wazi."
Dada akamvua glavu, moja, halafu ya pili,
akampulizia vidole.

Jumamosi, kabla ya kukamua, nikasikia dari ikidunda.
Nikavaa koti juu ya pajama, nikapanda ngazi.
Huenda kocha ataandika tena. Huenda aligeuza gari
mahali fulani, akilaani mawingu. Sijui.
Solveig hakuligusia.
Alisimama pale rangi ilipochubuka,
akakunja goti lenye mshono.

"Moja," nikasema,
mpira ukiwa bado hewani.